Anayegonga Alfajiri

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Mzee fundi saa alifumbua macho gizani, na sauti ikakatika, kama kila alfajiri. Tangu ujana aliandika daftarini mambo yasiyo na majibu: ndoto zilizotimia, saa iliyosimama siku mwenye saa alipokata roho. Sasa kiharusi kilikuwa kimemlaza miezi saba, mkono wa kushoto umekufa ganzi, kitanda kimesukumwa ukutani asianguke, mlango unafungwa kwa nje asijikokote. Na ukuta unamgongea.

Kosa lake ni kumwambia bintiye.

"Baba, nyuma ya ukuta huo ni uchochoro mtupu," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Jumatatu nakupeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Nifanyeje, na mimi nashinda kazini?"

"Mwanangu, nimetengeneza saa za watu miaka arobaini. Kichwani mwangu haijalegea hata skrubu moja."

Lakini akibaki peke yake alijiuliza: na kama imelegea? Chumba angekivumilia. Kufungiwa ndani ya kichwa kibovu, hapana.

Nesi aliyekuja kumnyoosha viungo hakumcheka. Aliuliza tu, "Saa ngapi, Babu?"

"Kumi na dakika arobaini."

Jumapili, siku yake ya kupumzika, nesi alikuja kabla ya muda huo. Binti alimfungulia. Akaketi kando ya kitanda, tochi ameifunika kwa leso, asimwamshe mzee.

Ko, ko, ko.

Mzee akashtuka. "Umesikia?"

"Nimesikia, na nimeona." Nesi akamshika kidole cha shahada cha mkono ule wa kushoto. "Mgongaji ni huyu. Ukilala anagonga ukuta, ukiamka anajifanya maiti."

Mzee alikitazama. Ndicho alichokuwa akigongea meza, akifuatisha mwendo wa saa ajue kama inachechemea.

Mlangoni, binti alijifuta macho. "Nisamehe, Baba." Akauchomoa ufunguo kwenye kitasa, akamwekea kiganjani. "Kesho hatuendi popote."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakiamuru kidole kisogee. Hakikusogea. Akakiamuru tena, jasho likamtoka. Wapi!

"Haya, mimi nikiwa nimelala," aliuliza polepole, "nani anamtuma?"

"Hilo sikusomea, Babu."

"Basi niandikie daftarini, saa na mapigo mangapi." Akamng'ang'ania nesi mkono kwa ule wake mzima. "Na njoo tena, mama. Njoo kesho, unisaidie kumvizia."