Utando wa Unga Mweusi

Mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiitafuna mashine, na katika kiwanda cha chumvi cha Kiswere ni Maftaha peke yake aliyeamini hivyo.

Kilango cha chuma kilichoachia chumvi kwenye magunia kilipakwa mafuta kila asubuhi na Mzee Abdulwahab, fundi wa tangu kiwanda kifunguliwe. Vumbi la chumvi liliganda kwenye mafuta, likawa tope linalosugua chuma kama msasa, kisha likadondokea magunia. Wateja wakayarudisha yakiwa na michirizi myeusi. Mwenye kiwanda, Qutbuddin, akamwajiri Maftaha, binti wa stashahada: michirizi ikiisha, kazi ni yako, isipoisha, rudi kwenu Nyangamara.

Maftaha akataka kilainishi kikavu, unga wa kutelezesha chuma bila kunasa vumbi. Ijumaa, wenzake wakitembeleana baada ya swala, alijifungia chumbani na sahani ya chuma iliyozungushwa polepole na mota ya feni, msumari ukiikandamiza kwa uzito wa jiwe. Alipaka unga, akahesabu mizunguko kwa tasbihi hadi utando ulipochubuka na chuma kupiga kelele. Unga wa kwanza, molibdeni, uliosifiwa sana dukani, ulikufa tasbihi ya kumi na moja. Ule wataka hewa kavu. Grafaiti, ule unga mweusi wa penseli, inayoteleza vizuri penye unyevu, ilifika tasbihi ya themanini na mbili. Alicheka kwa sauti. Hakuna aliyeuliza anacheka nini.

Akakipaka kilango grafaiti, akakisugua kwa kitambaa mpaka kidole kikipita hakichafuki. Siku kumi na tisa magunia yalitoka meupe.

Siku ya ishirini alimkuta Mzee Abdulwahab na kopo lake, mafuta yanachuruzika.

"Shikamoo, mzee. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nakisaidia, mwanangu. Kimekauka kama koo la aliyefunga."

"Umeniulia kazi! Miaka yote hii unailisha mashine sumu, hujachoka tu?"

Wapakiaji wote walisikia. Mzee aliweka kopo chini, akaondoka.

Maftaha alisafisha kilango, akapaka upya, magunia yakawa meupe tena. Lakini salamu yake haikuitikiwa. Zuhura, mshona magunia aliyekuwa akila naye, alihamisha sahani.

"Umemvua nguo mzee wa watu," alimwambia.

"Hata kama nilisema kweli?"

"Kaile hiyo kweli yako, basi. Mimi nakula huku."

Wiki mbili alikula akiutazama ukuta. Kisha Qutbuddin akamwita ofisini. Mzee Abdulwahab alikuwa ameketi pale, macho kwenye mikono yake.

"Binti yangu, kazi yako safi," alisema Qutbuddin. "Ila wapakiaji hawataki zamu na wewe. Muombe mzee radhi, neno moja tu, kesho uendelee. Usipoomba, mimi na wewe basi."

Neno moja lingemrudishia salamu za asubuhi, na Zuhura, na mshahara. Maftaha alilitafuta mdomoni, akalipata, akalimeza.

"Nilipiga kelele, na niliyoyasema ni kweli," alisema. "Siombi radhi."