Maji ya Alhamisi

Kila jioni kule Suji, mlimani, watu huziba tundu la ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na asubuhi mwenye zamu hulizibua, akamwagilia shamba lake. Alhamisi ilikuwa ya Esta, mjane. Mwaka huu jirani yake Loth, mwenye wana wanne wepesi wa ngumi, akasema Alhamisi ni yake.

Shauri likapelekwa kwa Zephania, mzee wa kanisa, msuluhishi asiyewahi kushindwa. Zephania alikuwepo siku marehemu mume wa Esta alipopewa zamu ile. Si angesema tu! Hakusema.

"Mwanangu, mwachie Loth," alimwambia Esta. "Mungu anapenda amani."

"Na ukweli, mzee, haupendi?"

"Tusiwachokoze watu."

Esta na Loth wakapeana mikono, wakaombewa, wakala makande.

Alhamisi Loth akazibua ndiva. Maji yakatoka, yakauacha mfereji, yakapanda njia ya kanisani hadi mlangoni kwa Zephania, yakasimama hapo, kimo cha goti. Hayakuingia ndani. Irine, mkewe, alichota ndoo mbili akabandika chai.

"Baba, yanakungoja wewe," alisema. "Kawaambie watu unachokijua."

"Yatachoka."

Ijumaa yaliondoka. Alhamisi iliyofuata yakarudi, kimo cha kiuno. Wazee wenzake wakaweka ubao juu ya matofali, wakapita kwenda kanisani kumshukuru Mungu kwa amani iliyopatikana. Loth hakupata hata tone, lakini zamu hakuirudisha. Siku ni yangu, alisema, maji yatajijua yenyewe.

Maharage ya Esta yalikauka yangali na maua. Inauma, jamani, maana mbegu ya mwakani ilikuwa humo humo.

Alhamisi ya tano maji yalipita madirisha, yakatulia nje ya vioo, meusi. Zephania alikuwa mezani akiandaa somo la Jumapili juu ya wapatanishi. Esta akaja, akasimama kwenye ubao ulioinuliwa tena, akainama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile mume wangu alipopewa zamu, unaikumbuka?"

"Naikumbuka vizuri."

"Utasema?"

"Tumeshapatana, Esta."

Esta akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa kweli walipatana. Akashuka mjini Same kwa dada yake, na kifurushi chake kichwani. Irine akaanza kupandisha magodoro darini.

Ndani kulikuwa giza. Zephania akawasha taa, saa tano ya asubuhi, akaendelea kuandika.