Zebaki Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Mama Léonie aliingia katika ukumbi wa mkutano mjini Bunia, walikoitwa wanunuzi wa dhahabu na wazazi, akiwa na hasira aliyoamka nayo nyumbani, na hakuna salamu iliyoweza kuipoza.

Wengi walimjua. Alianza kazi kama mwanakemia, akichota maji ya mito ya Mongbwalu ili apime zebaki, ile sumu ya majimaji ambayo wachimbaji huitumia kukamata vumbi la dhahabu. Baadaye taifa lilimtuma Ulaya kuisemea nchi katika mikutano ya mataifa. Huko alijifunza kutabasamu huku akimeza maneno. Sasa alikuwa amerudi kuutumikia mkoa kama mshauri wa mazingira, na tabasamu lilikuwa limemwishia.

Papa Aaron, mnunuzi wa dhahabu, alikuwa akichoma zebaki humo mjini ili dhahabu ibaki peke yake, katika chumba kilichopakana na shule ya watoto wadogo. Kama wanunuzi wenzake, alifunga mlango na dirisha ili wezi wasijue kwamba dhahabu imefika. Lakini mvuke ulipenya chini ya mabati, ukawaingia watoto. Prudence, binti wa Mama Fifi, hakuweza tena kushika kijiko, mikono ilimtetemeka.

Mkuu wa kikao alimnong'oneza Léonie, "Docteur, tumia diplomasia. Papa Aaron iko mutu mukubwa."

"Niliitumia miaka mingi," Léonie akajibu kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Haiyaponyesha hata mutoto moja!"

Papa Aaron akacheka. "Mama, Ulaya ilikuharibu. Siye tunachoma hivi tangu zamani. Iko moshi kidogo tu! Hata mbuzi ya kuchoma iko na moshi."

Watu wakaangua kicheko. Léonie akaagiza jiko la mbabula lenye makaa mekundu liletwe, akatoa katika mkoba wake chupa yenye donge la dhahabu lililochanganyika na zebaki, akalishika donge hilo kwa koleo.

"Mufunge mlango. Mufunge na madirisha. Papa, sogea karibu, tuvute moshi ya mbuzi pamoja."

Kicheko kikakatika. Donge lilipokaribia makaa, Papa Aaron aliruka, akagonga kiti, akasukuma dirisha kwa mikono miwili.

"Weye mama iko na wazimu? Unataka kutuua?"

Léonie akalirudisha donge chupani. Kabla hajasema neno, Mama Fifi alikuwa amesimama.

"Kumbe ulijua!" akapaza sauti. "Ulijua, na mutoto yangu alikuwa nyuma ya ukuta yako!"

Akina mama wote wakasimama pamoja naye. Mkuu wa kikao aliwatazama, akafuta jasho, akaamuru chumba kile kifungwe siku hiyohiyo. Léonie hakumshukuru. Alimshika Mama Fifi mkono, wakatoka kwenda kwa mnunuzi wa pili.

Wewe uliyesoma haya, msomee jirani asiyejua kusoma, naye awaambie walioko Mongbwalu, Iga Barrière na Komanda: zebaki isichomwe mahali wanapolala watu, wala karibu na watoto.