Kabureta ya Boti ya Zahanati

Mimi si mtu wa kugombana hadharani. Wifi yangu atakuambia vinginevyo, lakini wifi yangu ana sababu zake. Asubuhi ile nahodha wa boti ya zahanati alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba jana yake mashine ilizima katikati ya maji akiwa amembeba mama mwenye uchungu. Meneja wa karakana amewaambia watu wa zahanati kwamba kosa ni la kabureta, na kwamba kabureta ilitengenezwa na mzee mmoja huko jikoni kwake. Nilizima jiko, chai haijachemka.

Yule mama alijifungulia kwenye sakafu ya boti, juu ya majaketi ya kuokolea, wakisubiri kuvutwa na boti ya mchanga. Mama mzima, mtoto mzima. Kama watu walikuwa na hasira, walikuwa na haki nayo, na hilo sikulipinga. Nililolipinga ni hilo la mzee mmoja.

Mzee mmoja ndiye aliyemfundisha meneja huyo kushika bisibisi. Mume wangu alifanya kazi karakana ile miaka ishirini na miwili, mpaka walipomwambia kwa heshima nyingi kwamba anachelewesha kazi. Jina lake pale lilikuwa Fundi Taratibu, na walilitamka wakicheka. Basi wakamuaga kwa soda na hotuba, wakamvika kilemba cha ukoka, na haikupita miezi mitatu wakaanza kuleta kabureta zilizowashinda, ndani ya mfuko mweusi, kupitia mlango wetu wa nyuma. Nyingine zimelala na petroli ya mwaka juzi mpaka imeganda kama gundi. Yeye anazitengeneza, wao wanazifunga, mwenye boti anawashukuru wao. Nilisema jambo hili halifai. Mume wangu akasema kabureta haijui nani anashukuriwa.

Na usifikiri jikoni kwangu ni mahali pa uchafu. Meza yake iko chini ya dirisha, inatandikwa gazeti jipya kwa kila kazi. Anafungua bakuli la chini la kabureta, anatoa boya, anatoa sindano yake, anavipanga kwa mstari kadiri vilivyotoka, na ole wake atakayesogeza kimoja. Mwisho anatoa jeti, kipande cha shaba kidogo kama punje ya hindi, chenye tundu katikati ambamo petroli inapita kwenda kwenye mashine. Jeti inalala kwenye petroli ndani ya kikombe changu kilichovunjika mkono, kisha inapulizwa kwa pampu ya baiskeli. Ikibaki na uchafu, anauchokoa kwa unywele mmoja wa brashi ya viatu. Waya, kamwe. Habari za waya amezihubiri mpaka watoto wetu waliondoka nyumbani wakizijua kama sala: tundu limepimwa kiwandani, ukilikwaruza limepanuka, mashine itakunywa petroli nyingi kuliko pumzi yake, itatoa moshi mweusi, italowesha plagi, itazima. Ikienda polepole utadhani ni nzima. Ukiifungulia hadi mwisho, kwa mfano ukiwa na mgonjwa na haraka, ndipo utajua.

Akimaliza, anaweka tone la rangi yangu ya kucha juu ya kila skrubu ya bakuli. Alianza hivyo baada ya mteja mmoja kufungua mwenyewe, kuharibu, na kurudi kumpaka matope. Skrubu ikiguswa, rangi inapasuka. Kwa hiyo nilipotoka nyumbani nilijua ninachokwenda kufanya. Karakana wanachokoa jeti kwa waya wa breki ya baiskeli, nimewaona kwa macho yangu. Bila shaka walikuwa wamefungua, wamechokoa, wameharibu, na sasa wanamtupia mzee. Ningeonyesha rangi iliyopasuka mbele ya watu, nione meneja ataficha wapi uso wake.

Mume wangu alikuwa bafuni. Nilimwambia kupitia mlangoni ninakokwenda na kwa nini. Akasema nimsubiri. Sikumsubiri.

Mashine ya zahanati ilikuwa imefungwa kwenye stendi katikati ya karakana, kifuniko chake chini. Meneja alikuwepo, na mafundi wawili, na nahodha niliyefuatana naye, na muuguzi mkuu wa zahanati, ambaye ndiye aliyempokea mtoto kwenye ile boti. Meneja akaniita mama, akanivutia kiti. Nikamwambia kiti akikalie mwenyewe. Nikamwambia na mengine, sitayarudia yote: kwamba anakula jasho la mtu miaka minane na hana haya, kwamba jina la mume wangu analijua vizuri sana akiwa na kabureta iliyomshinda, lakini akiwa mbele ya wakubwa jina linampotea. Muuguzi akamgeukia, akamuuliza kama ni kweli kazi zinapelekwa huko bila wenye boti kujua. Meneja akakohoa. Nilifurahi, sitaficha.

"Mama, sisi hatukuifungua," akasema. "Tuliifunga kama ilivyokuja. Kama huamini, angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Skrubu nne, matone manne mekundu, yote mazima. Nikapitisha ukucha juu ya kila moja. Nikainama tena upande wa pili, kana kwamba kulikuwa na skrubu ya tano.

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikasema kama haijafunguliwa basi itafunguliwa sasa, watu waione kazi safi, halafu wakatafute kosa kwingine. Nikaomba bisibisi. Fundi mmoja akatabasamu, nikamkodolea macho mpaka akatazama pembeni. Nimeishi na kabureta miaka mingi kuliko aliyoishi yeye duniani. Nikapasua rangi, nikashusha bakuli, nikafungua jeti, nikaiinua kuelekea dirishani.

Tundu halikuwa duara. Lilikuwa na mkwaruzo upande mmoja na mwingine upande wa pili, na shaba iling'aa upya pale waya ulipopita.

Nilichofikiri wakati ule nitakisema. Nilifikiri kuiangusha. Karakana ina mtaro wa maji machafu katikati ya sakafu, jeti ni ndogo, na hakuna mwingine aliyekuwa ameiona. Bado ningeweza kurudi nyumbani na jina la mume wangu likiwa zima. Kisha nikaona viatu vya muuguzi, vyeupe, vina madoa ya jana yaliyokataa kutoka.

"Tundu limepanuliwa," nikasema. "Kwa waya."

"Na nani?" meneja akauliza, ingawa alikuwa anajua.

"Na mimi."

Sauti ilitoka mlangoni. Mume wangu alikuwa amesimama pale anahema, vifungo vya shati vimefungwa kombo. Akaja mpaka kwa muuguzi, akazungumza na yeye tu, kana kwamba meneja hayupo. Akasema macho yake yana ukungu tangu mwanzo wa mwaka. Unywele wa brashi hauoni tena, lakini waya aliweza kuuhisi kwa vidole, na alidhani ameugusisha kidogo tu. Akasema anaomba radhi, na kama yule mama atakubali, atakwenda kumwomba radhi yeye mwenyewe.

Meneja, macho makavu, akaanza kusema ndiyo maana karakana siku zote inasisitiza utaalamu. Muuguzi akamkatiza. Bila kupandisha sauti akasema boti ya zahanati haitaguswa tena na mzee asiyeona, wala na karakana inayoficha ni nani anayegusa. Akaondoka na nahodha wake. Meneja akabaki anazungusha bisibisi mkononi, halafu akamwambia mume wangu kwamba basi, mzee, mfuko hautakuja tena. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Akaichukua jeti kutoka kiganjani mwangu, akaiweka mezani kwa uangalifu ili isibiringike.

Njiani nilimmwagia yote. Nilimwambia amenidhalilisha. Nimekwenda kumpigania mbele ya watu kumbe napigana na waya wake mwenyewe. Tunalala kitanda kimoja, tunakula sahani moja, na mtu anaficha macho yake kama mwizi. Nilimwambia miaka yote hii amehubiri waya, waya, halafu anachukua waya na kuuingiza kwenye mashine ya wagonjwa. Angesema tu. Ningemwitia mtoto mmoja aje, tungetafuta miwani, tungefanya lolote. Kwa nini hakusema? Yeye alikuwa anatembea polepole, mkono mmoja kwenye ukuta wa nyumba za watu, na nikaona kwamba ukuta alikuwa anauhitaji, na hilo nalo likanizidishia hasira. Nikamuuliza tena kwa nini hakusema.

"Nilikuita," akasema.

Nikamuuliza lini.

"Siku ya kabureta hiyo. Nilikuita mara mbili uje uniangalizie tundu. Ulikuwa unapiga pasi. Ukasema nyumba nzima inanuka petroli, na wewe si fundi."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anavyosema skrubu ipi ilitoka kwanza. Nami nikakumbuka, mpaka shati nililokuwa nalinyoosha, shati lake, na kwamba mara ya pili sikuinua hata kichwa.

Tulibakiwa na mwendo mrefu kidogo. Maneno yangu yote yalikuwa bado yapo, na hasira yote, imejaa kifuani kama ilivyojaa asubuhi. Meneja nilikuwa nimeshammaliza, mume wangu nilikuwa nimeshammaliza. Nikatafuta nani amebaki, na nikafika nyumbani nikiwa nimemjua.