Mgane Kabla ya Harusi

Leodgar wa Ipuli aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisilonyooka likipangwa vizuri. Imani hiyo aliipata kazini. Aliandika programu za kompyuta kwa ushirika mmoja wa wafugaji nyuki pale Tabora, na kompyuta haina huruma. Ukisahau kufunga mabano mahali pamoja inakataa kazi nzima, wala haijali ulikusudia nini. Leodgar aliipenda hivyo hivyo. Mchumba wake Kabula, mwalimu wa hesabu, alimtania kwamba ameshaoa sintaksia, yeye anaingia bi mdogo.

"Hiyo sintaksia inakuambia sentensi imepangwa sawasawa," alimwambia siku moja. "Haikuambii kama ni kweli. Nikubalie uongo mmoja tu pale mwanzo, nami nitafuata kanuni zote bila kukosea mpaka nikuthibitishie kuwa wewe ni mbuzi."

Leodgar alijibu kwamba mbuzi haandiki programu, akaona ameshinda.

Kumbe ukweni nako kuna kompyuta. Kwao Kabula, Puge, posa ina mpangilio wake: hodi, viatu nje, shikamoo kuanzia kwa mkubwa, kuomba maji, kuyanywa, kuyasifu, ndipo mshenga atamke kwamba wameona ua katika boma hili. Safari ya kwanza mshenga alikuwa Emilian, baba yake mdogo Leodgar, mstaafu wa reli kule Tura, mtu mwema ambaye mdomo wake haukupata kufungwa breki. Alilitaja ua kabla ya maji. Wakatozwa jogoo, wakarudishwa Tabora na kiu yao.

Kabula hakucheka. Alisema wakirudishwa tena wasisumbuke kurudi, kwa kuwa amechoka kukaa nyuma ya pazia akisikiliza wanaume wazima wakishindwa kuomba maji. Leodgar aliogopa kwelikweli. Alimjua, hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Kubadili mshenga katikati ya posa nako ni kosa. Basi Leodgar akafanya alichojua kufanya: akaandika programu. Aliiweka kwenye simu ya Emilian kwa herufi kubwa. Ikiwa wamesema karibuni, basi vueni viatu. Ikiwa maji yameletwa, basi mnywe, mseme ni matamu. Aliweka hata jambo la msiba: ikiwa wenyeji wamefiwa, basi wapeni pole, simameni, mwondoke, mje siku nyingine. Emilian aliifurahia mno. Maisha yake yote alitii bendera ya kijani na nyekundu, na hapa kapata bendera nyingine ya kutii. Walifanya mazoezi mpaka akawa hakosei hata kikohozi.

Siku ya siku, wakaingia Puge. Leodgar aliwekwa karibu na mlango, na kanuni yake ilikuwa moja: mposaji hafungui mdomo. Mzee Bundala, baba mkubwa wa Kabula, alikaa mbele ya wazee wenzake na uso wa mtu anayesahihisha mitihani. Hodi ikapita. Viatu vikapita. Maji yakaja, yakanywewa, yakasifiwa. Emilian akalitaja ua, na Mzee Bundala akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Leodgar alisikia raha ile ile anayoisikia programu ikikubali mara ya kwanza.

Hapo bibi yake Kabula, Bibi Amne, akakohoa pembeni, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Ua hilo mmelichelewa," alisema. "Kabula tulimzika Jumapili."

Sasa, yeyote aliyezaliwa Unyamwezini anajua la kufanya. Bibi wa binti akikutupia utani, unamrudishia mkubwa kuliko wake. Hata mtoto anayetambaa angemjibu. Leodgar naye alilijua, tena alilijua sana, ndiyo sababu hakuwaza kuliandika. Nani anamwandikia mtu mzima kwamba bibi hutania?

Emilian aliangalia simu. Akatafuta kwa kidole, akapata. Akasimama, mkono kifuani, akasema poleni sana wafiwa, kazi ya Mungu haina makosa, akawapungia wenzake watoke.

"Asante, tumeshapoa," alisema Bibi Amne, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mzee Bundala hakucheka. Alitamka polepole kwamba pole imetolewa na imepokelewa, hivyo msiba upo, na hakuna anayeposa maiti. Posa imekwisha. Emilian tayari alikuwa na mguu mmoja kwenye kiatu, amejaa fahari ya mtu aliyetimiza maagizo.

Leodgar aliona maisha yake yanatoka mlangoni pamoja na kile kiatu. Alitaka kupiga kelele kwamba ni uongo, binti yupo hapo nyuma ya pazia. Lakini kuujibu utani kwa ukweli ni kuwaambia watu umekasirika, na mwenye kukasirikia utani haozwi popote Puge. Nyuma ya pazia mtu alikohoa, na Leodgar alikijua kikohozi kile. Akakumbuka habari ya mbuzi.

Akajitupa chini, akajifunika koti kichwani, akaangua kilio. "Mke wangu! Umeniacha na nani, mke wangu!"

Mzee Bundala akamkumbusha kwamba mposaji hasemi.

"Mposaji hasemi, mzee, lakini mfiwa huachwa alie," alijibu Leodgar kutoka ndani ya koti. "Mmesema wenyewe msiba upo. Nami nalia kama mume. Mgane hapatikani bila ndoa, basi ndoa ilikuwapo, na mimi ni mkwe wenu. Nasikia zamani mkwe aliyefiwa alipewa mwingine kutoka nyumba ile ile. Naomba wangu."

Wazee waliangaliana. Kila hatua ilikaa juu ya nyingine, wala hapakuonekana pa kuibomolea, isipokuwa pale chini kabisa walipokuwa wamekalia wao wenyewe. Mzee mmoja akaanza kucheka kwa pua.

Bibi Amne akainuka, akajikunjua mgongo, akanyoosha kitenge. Alisema hoja ya mkwe ni safi, naye hana pingamizi, na kwa kuwa mwanamke aliyebaki katika nyumba hii ni yeye, basi aende akafungashe nguo. Akamshika Leodgar mkono. Kanuni zilikuwa zimefuatwa zote, na Leodgar alikuwa anaozwa mwanamke wa miaka themanini.

Pazia likafunguka kwa nguvu.

"Mimi sijafa," alisema Kabula. "Niko hapa, na huyu ninamtaka."

Hapakuwa na hodi, shikamoo wala ua. Leodgar alitoa kichwa kwenye koti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na habari kinachofuata ni kipi.

Kilichofuata ni kwamba Mzee Bundala alicheka mpaka akashika ukuta. Akahukumu kwamba binti amesema kabla ya kuitwa, hivyo safari hii faini iko juu ya nyumba yake mwenyewe, na posa imekubaliwa. Bibi Amne akalipa jogoo. Alikuwa yule yule wa mara ya kwanza. Walikuwa hawajamchinja kwa jinsi alivyokonda.

Kwenye basi la kurudi, Emilian alipekua simu kutoka juu mpaka chini, kisha akaanza tena.

"Mwanangu," alisema, "humu hamna mahali binti anapotoka na kusema anakutaka."

"Sikujua kama linaweza kutokea, baba mdogo."

Leodgar akamkumbatia jogoo wake, akageukia dirishani, na hapo akalia kweli.