Maduhu Aja Kumfuata Jenifer

Mimi sipendi kuamshwa alfajiri, hata na jogoo. Kwa hiyo nilipofungua mlango nikamkuta Jenifer, binti wa jirani yangu Maduhu, amejikunyata kibarazani, nilikuwa tayari kugomba. Kisha nikaiona miguu yake. Alama za fimbo zilishuka mpaka kwenye vifundo. Nikamkalisha, nikampa uji, na hasira yangu nikaielekeza inakostahili.

Mama yake, Nyanjige, alikuwa kijiji cha Mwamapalala akimuuguza mama yake mzazi. Maduhu alibaki na pamba ya kupalilia, watoto na ng'ombe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, basi ng'ombe wote akamkabidhi Jenifer, mtoto wa miaka tisa. Ng'ombe wakaingia kwenye pamba, naye baba akaumalizia uchovu wake kwenye miguu ile. Simtetei, naeleza tu.

Hapa Migato tuna kikundi cha malezi, kaya chache zinazosaidiana kulea, na mwenyekiti ni mimi, Philomena. Mchana tukakutana, mtendaji wa kijiji tukamjulisha. Mwenzangu Felisita alitaka Maduhu aitwe asomewe sheria. Nikasema asomewe, lakini ataisahau kabla hajafika kwake. Kwetu mke akipigwa akakimbilia kwao, mume hamvuti mkono. Anamfuata ukweni na msemaji wake, anahojiwa, na mke asipokubali, anarudi peke yake.

"Basi kwao Jenifer ni hapa kwangu," nikasema. "Maduhu aje kama mkwe."

Walicheka, lakini walikubali.

Maduhu alikuja alasiri ya kesho yake, shati limepigwa pasi, kuku kwapani, na msemaji wake Athanasi ametangulia. Niliwaacha wakae juani kwa makusudi.

"Mwadila, mayu," Maduhu alinisalimu Kisukuma, akiniita mama, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuazima jembe.

"Mwadila. Mmefuata nini?"

"Tumekuja kwa ajili ya mtoto, mayu," Athanasi alianza. "Kuna ng'ombe waliingia..."

"Ng'ombe sijawauliza. Huyu mkwe kosa lake ni lipi?"

Athanasi alimgeukia mwenzake. Maduhu akawa anampapasa kuku mgongoni.

"Nilimpa mtoto kazi ya mtu mzima," alisema hatimaye, "halafu nikampiga kwa kuishindwa."

Hapo nikampenda kidogo, ingawa sikumwonyesha. Felisita akamweleza tulichoamua: ng'ombe wa kikundi watachungwa pamoja, watu wazima kwa zamu, pamba yake tutaipalilia wote, Jenifer atarudi shuleni.

"Lakini kuondoka hapa ataamua mwenyewe," nikasema. "Jenifer, sharti lako ni lipi?"

Mtoto alifikiri sana. Mimi nilidhani ataomba viatu.

"Baba akikasirika apige mluzi kwanza," alisema. "Ili nianze kukimbia mapema."

Watu wakaanza kucheka, kisha wakaacha. Kuku alimponyoka Maduhu akajiendea zake jikoni, wala hakuna aliyemfuata.

"Mluzi nitapiga," Maduhu alisema, machozi yakimtoka mbele ya watu wote. "Ila atakayekimbia ni mimi. Nitakimbilia hapa."

Jenifer alimtazama. "Leo sitaki," alisema. "Nitarudi mama akija."

Basi mkwe wetu akaondoka na msemaji wake, mikono mitupu. Kesho yake akaja tena, peke yake, kumsalimia binti yake. Akaja kila siku, na mimi nikachoka kumkaribisha. Nyanjige aliporejea ndipo Jenifer akaenda kwao, akitembea katikati yao wawili.

Pamba sasa imeanza kupasuka. Juzi nilikuwa napepeta mahindi nikasikia mluzi mrefu kutoka kwa Maduhu. Nikautupa ungo, nikatoka.

Maduhu alikuwa anakuja mbio kwenye kijia cha shambani, kandambili mkononi, anahema kama fahali wa kulimia. Nyuma yake, mbele ya mlango wao, Jenifer alikuwa amesimama na vipande vya kibuyu cha maziwa, maziwa yametapakaa miguuni, anamtazama baba yake anavyokimbia, na anacheka.