Nyuki wa Marcelina

Nyuki yule alikuwa na tumbo kubwa na bawa moja refu kuliko jingine. Marcelina alimchora kwa mkaa mwaka ule wanawake kumi na mmoja wa Kwihara tulipoanzisha chama cha asali, akawa nembo yetu kwa miaka ishirini na sita. Tulimtania kwamba amechora nzi aliyeshiba. Alicheka, nasi tukamchapisha nyuki wake kwenye vitenge.

Chama kilipokua, tukamwajiri Kinjal, binti wa mwenye duka hapa Tabora aliyehamia Dar es Salaam, atubunie nembo mpya. Alituletea na mwongozo wa kurasa arobaini: rangi ipi, herufi zipi, na kwamba nembo ya zamani isionekane tena popote. Mimi, katibu, ndiye niliyekabidhiwa kuusimamia, nikaushika kama msahafu. Nilikusanya vitenge vyote vya zamani nikavifungia stoo. Marcelina alikikunja chake vizuri, akanikabidhi.

Mwezi Juni akafariki.

Kwetu, mwanachama akifa, jeneza lake hufunikwa kitenge cha chama hadi kaburini. Asubuhi ya mazishi binti yake, Katarina, alinifuata ofisini akaomba kile cha zamani, chenye nyuki wa mama yake. Nilimpa pole, kisha nikamfungulia ukurasa wa kumi na nne wa mwongozo, unaokataza nembo ya zamani. Naona aibu hata kuyaandika haya. Nikampa kitenge kipya, bado kinanukia duka.

"Dada Elieth, ni saa moja tu," alisema. "Nitakurudishia."

Nikamjibu kwamba sheria ni msumeno.

Makaburini alikitoa kile kipya kwenye mkoba, akaniwekea mikononi mbele ya watu wote. Jeneza likashushwa bila kufunikwa, jambo ambalo halijapata kutokea chamani kwetu. Wenzangu hawakunitazama.

Wiki iliyofuata nilimpigia Kinjal kuhusu lebo za chupa, nikajikuta namsimulia yote.

"Ule mwongozo niliuandika kwa ajili ya chupa na mabango," alisema. "Jeneza sikulifikiria kabisa. Ungenipigia tu, dada. Ningekwambia mfunikeni mama."

Asubuhi ile simu ilikuwa mezani, kati yangu na Katarina.